UZI MAALUMU: Picha za mwanzo kabisa wa sinema, zile bubu za 1895 hadi 1930. Tuzijadili na tuelekezane pa kuanzia

chumba_cha_giza (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Jukwaa hili kila siku ni tamthilia za Kikorea, muvi za Marvel na nani kaachana na nani Bongo Movie, hakuna ubaya, na mimi nazitazama. Ila leo naomba tuongelee kitu ambacho sijaona kikifunguliwa uzi humu, zile picha za mwanzo kabisa, kuanzia 1895 mpaka kama 1930 hivi, enzi ambazo hakuna sauti na muigizaji anakuambia kila kitu kwa uso na mwili. Nimezizamia muda sasa na nasema kwa dhati kabisa, humo ndani kuna kazi zina miaka 100 na bado zinanishika kuliko nyingi zinazotoka wiki hii.

Tatizo ni namna tunavyokutana nazo. Unarushiwa kipande WhatsApp, Charlie Chaplin anakimbizwa na polisi, mbio zisizo za kibinadamu, kamziki ka kitoto juu yake, unacheka unafuta. Mtu anaishi maisha yake yote akiamini sinema ya kale ndo hiyo. Kumbe wale watu walikuwa na vichekesho, na vitisho, na mapenzi, na hadithi za kisayansi, yaani karibu kila aina ya muvi tunayotazama leo ilishapigwa kabla sauti haijaja.

Twende mwanzo. Tarehe 28 Desemba 1895, Paris, chini ya mgahawa mmoja unaitwa Grand Café, ndugu wawili Auguste na Louis Lumière wanaonyesha picha kwa watu waliolipa kiingilio cha faranga moja. Picha kumi, kila moja haifiki dakika. Wafanyakazi wanatoka kiwandani Lyon. Mtoto mchanga analishwa uji na wazazi wake. Mtunza bustani anamwagilia, kijana mtundu anakanyaga mpira wa maji, maji yanakata, mzee anachungulia bomba, kijana anaachia mguu, usoni pwaa! Hicho ni kichekesho cha 1895 wakuu na mwonyesheni mtoto yeyote leo atacheka. Mashine yenyewe ilikuwa moja tu inayofanya kazi zote, inapiga, inachapa na inaonyesha, ya kuzungusha kwa mkono, ndo maana wapiga picha wao waliweza kuibeba wakazunguka nayo dunia nzima. Kufika 1896 tayari picha zao zilishaonyeshwa Bombay na Alexandria.

Kwenye ukumbi ule usiku ule alikuwepo mtu mmoja mwanamazingaombwe, Georges Méliès, mwenye ukumbi wake wa maonyesho palepale Paris. Akataka kununua mashine, wakamkatalia. Akaenda kutafuta ya kwake London. Huyu jamaa ndiye aliyeona kwamba kamera inaweza kudanganya, ukisimamisha kuzungusha, ukatoa mtu, ukaendelea kuzungusha, mtu ametoweka. Mwaka 1902 akatoa safari ya kwenda mwezini, Le Voyage dans la Lune, dakika kama 14 hivi, ile yenye roketi imechoma jicho la mwezi ambayo wengi mmeiona kama picha tu kwenye tisheti. Itazameni yote. Mimi kinachonikaa zaidi ni ile sehemu ya pili, wasomi wa Kizungu wanafika mwezini na miamvuli yao, wanawapiga wenyeji wa kule wanapasuka moshi, halafu wanarudi na mateka mmoja wanamtembeza kwenye sherehe mjini. Ukiitazama ukiwa mtu wa huku kwetu unaelewa vitu ambavyo mtazamaji wa Paris 1902 huenda hata hakuvifikiria.

Na mwisho wa Méliès unaumiza. Biashara ilimfia, mwaka 1923 akachoma mwenyewe negativu zake, yaani zile filamu za asili za kuchapia nakala, akaishia kuuza midoli na pipi kwenye kibanda stesheni ya Montparnasse. Baadaye ndo wakamkumbuka wakampa heshima, akafariki 1938. Ile picha ya mwezi iliyopakwa rangi kwa mkono, kipande kwa kipande, na wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier, ilidhaniwa imepotea kabisa mpaka nakala moja ikaibuka Barcelona 1993, ikiwa imegandamana kama jiwe. Wakaifufua taratibu, ikaonyeshwa Cannes 2011. Iko YouTube leo hii, ya rangi. Bure.

Nitaendelea chini, karibuni.

Kinyonga_Mweupe

Mkuu nakuheshimu ila ukweli usemwe, hizi picha zinachosha. Hazina sauti, hazina rangi, watu wanatembea kama wamekanyaga moto. Nimejaribu moja dakika tano nikaachia.

chumba_cha_giza

Mkuu Kinyonga umegusa penyewe, na hili la kukanyaga moto lina sababu.

Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mpiga picha alikuwa akizungusha kama picha 16 kwa sekunde, wengine 18, wengine 20 na kitu, hakukuwa na kipimo kimoja. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabidi mwendo ufungwe kwenye picha 24 kwa sekunde, maana sauti haivumilii mwendo kupanda na kushuka. Sasa chukua filamu iliyopigwa kwa 16 uiendeshe kwa 24, kila binadamu humo ndani anatembea mara moja na nusu ya mwendo wake, mazishi yanageuka mashindano. Kwenye vichekesho walikuwa wakizungusha taratibu makusudi ili mbio zionekane kali, hilo ni sawa, lakini mama anayelia kwa kufiwa hakupigwa akiruka kama panzi. Nakala nzuri, zilizofanyiwa ukarabati, zimerudishwa mwendo wake. Kwa hiyo ukikutana na nakala mbovu, ifunge utafute nyingine, picha ileile.

Na hazikuwa kimya! Hili watu wengi hawalijui. Kwenye ukumbi kulikuwa na mpiga piano, kumbi kubwa zilikuwa na kinanda cha mabomba au okestra nzima. Ukiitazama bila muziki kabisa umetazama nusu yake. Na muziki wowote hautoshi, nakala nyingi za ovyo zimebandikwa piano moja inayojirudia, inakuua.

Rangi nayo. Sehemu kubwa ya picha hizo zilitumbukizwa kwenye rangi, bluu ikiwa ni usiku, njano ya kahawia ndani ya nyumba yenye taa, nyekundu kukiwa na moto. Mfano Nosferatu ya 1922, ya Mjerumani F. W. Murnau, picha ya mnyonya damu. Zamani hizo kupiga nje usiku ilikuwa taabu, kwa hiyo walipiga mchana halafu wakaitia bluu. Ukipata nakala isiyo na rangi unamuona shetani anayeuawa na jua akitembea na jeneza lake kwapani mchana kweupe, unajiuliza hii hadithi imekaaje. Ukipata yenye bluu yake, unamuona usiku mtaani peke yake, na mwili unasisimka.

Halafu hiyo Nosferatu ilikuwa iangamizwe. Waliichukua hadithi ya Dracula bila kumlipa mjane wa mwandishi, mama akaenda mahakamani, mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Kuna zilizokuwa zimeshasambaa nchi nyingine, ndizo zimetuokoa.

binti_wa_Moshi

Kaka chumba_cha_giza mimi nimeona City Lights ya Chaplin, nililia ile mbaya. Sikujua kama mtu anaweza kuchekesha vile na kuliza kwenye picha moja. Ila nimesoma ni ya 1931, sauti si ilishakuja hapo?

chumba_cha_giza

Dada Moshi hongera kwa kuanza na kubwa. Ndiyo, sauti ilishakuja, ile The Jazz Singer ilitoka Oktoba 1927 na ndani ya miaka miwili mitatu Hollywood yote ikahamia kwenye kuongea. Chaplin akagoma. City Lights aliweka muziki aliotunga yeye na milio michache, maneno hakuna. Hoja yake ilikuwa kwamba yule kijana mwenye kofia na fimbo akifungua mdomo akaongea Kiingereza, basi amekuwa wa Waingereza na Wamarekani, akinyamaza ni wa watu wote. Na kweli alikuwa wa watu wote, Zanzibar na Mombasa walimjua kama walivyomjua Tokyo.

Tukumbuke alikotoka. Kazaliwa London 1889, baba mlevi, mama akaugua akili, watoto wakapelekwa kwenye nyumba ya maskini. Ukitazama The Kid ya 1921, anaokota mtoto jalalani anamlea kwenye chumba cha dari, halafu watu wa kituo cha yatima wanakuja kumchukua kwa nguvu na gari. Yule mtoto, Jackie Coogan, anavyonyoosha mikono akilia kwenye lile gari, unajua aliyeitunga picha hii hakusoma umaskini kwenye kitabu.

Ila niseme msimamo wangu hapa, wenye mawe yenu andaeni. Kwa upande wa kamera na akili ya mwili, Buster Keaton ni mkali kuliko Chaplin. Nimesema.

Keaton hacheki. Picha nzima uso umetulia, dunia inamwangukia. Na hakuna kompyuta, hakuna kamba, ni yeye mwenyewe. Steamboat Bill, Jr. ya 1928 kuna kimbunga, ukuta wa mbele wa nyumba nzima unaanguka, yeye kasimama, dirisha la juu linapita sawasawa pale aliposimama. Ukuta halisi, mzito, nafasi pembeni ya mabega ni ndogo sana, angesogea kidogo tungekuwa tunaongelea kifo chake. Sherlock Jr. ya 1924 kuna pahali anashuka kwenye bomba la tangi la maji la reli, maji yakamshusha kwa nguvu akagonga shingo kwenye reli, akaendelea na kazi, miaka mingi baadaye daktari anampiga eksirei anamuuliza ulivunja shingo lini? Ndo hiyo siku. Kipande chenyewe kimo ndani ya picha, unakitazama.

Na The General ya 1926, stelingi ni garimoshi! Nzima ni kufukuzana kwa magarimoshi, kwenda na kurudi. Mwishoni daraja linaungua na garimoshi la kweli linatumbukia mtoni, huko Oregon, mara moja tu, hakuna kurudia. Inasemekana ndo kipande kilichokula hela nyingi kuliko vyote enzi za picha bubu, na kile chuma kilibaki mtoni mpaka wakati wa Vita ya Pili walipokitoa kama skrepa. Tahadhari, hadithi inamweka stelingi upande wa majimbo ya kusini yaliyokuwa yanapigania utumwa, na picha inapita hapo kama haioni. Mimi naiona. Naitazama kwa ufundi wake na hilo silifumbii macho.

Mkubwa wa Githurai

Hii thread imenibamba sana. Sasa mimi nauliza, huku kwetu Kenya tumelelewa na DJ Afro, muvi ya Kichina inapigwa na yeye anasema juu yake, mpaka leo mimi muvi ya Bruce Lee bila sauti ya DJ Afro naona kama haijaiva. Enzi za hizo muvi bubu hakukuwa na mtu kama huyo?

chumba_cha_giza

Mkubwa wa Githurai umenifurahisha kuliko unavyojua, maana jibu ni ndiyo, na walikuwa mastaa!

Japani. Waliitwa benshi. Anakaa pembeni ya skrini na anasimulia picha mwanzo mwisho, anaigiza sauti ya mume, ya mke, ya mtoto, anaelezea mji wa Wazungu ulivyo kwa watu ambao hawajawahi kuuona, anaongeza vyake. Jina la benshi lilikuwa linaandikwa kubwa kwenye mabango, watu walikuwa wanachagua ukumbi kwa sababu ya benshi, siyo kwa sababu ya picha. Ndo maana Japani ilichelewa kuhamia kwenye sauti, hao watu walikuwa na nguvu na waligoma. Kaka mkubwa wa Akira Kurosawa, yule mwongozaji mkubwa baadaye, alikuwa benshi, na ni yeye aliyempeleka mdogo wake kutazama picha.

Sasa angalia kwetu. Lufufu hapa Bongo na zile kanda zake za kutafsiri, DJ Afro kwenu, ma-VJ wa Uganda kina VJ Jingo. Hakuna aliyewafundisha habari za Japani. Mtazamaji hajui lugha ya picha, mtu mwenye kipaji anakaa katikati, anaifanya iwe ya mtaa. Kuna watu wanadharau kibanda umiza kwamba ni ushamba, wakati Tokyo ya 1920 ukumbi wa maana ulikuwa hauendi bila mtu wa hivyo. Mimi naota siku moja mtu wa kazi hiyo achukue picha bubu, Keaton au hiyo Nosferatu, aisimulie kwa Kiswahili moja kwa moja mbele ya watu, na mpiga kinanda pembeni. Nafasi imeachwa wazi kabisa kwenye sauti, haki za hizo nyingi zimeisha, hakuna wa kukushtaki.

Forodhani

Wanangu, assalaam alaykum. Mimi ni mtu mzima wa Unguja, huwa nasoma tu siandiki. Naona mnataja Zanzibar. Marehemu babu yetu alikuwa akitusimulia Royal, ile iliyojengwa 1921, kabla haijawa Majestic. Akisema watu wanavaa kama wanakwenda harusini. Hizo picha bubu kwetu si habari ya kuja na simu.

chumba_cha_giza

Shikamoo mzee wetu Forodhani, na alaykum salaam. Asante sana kwa kuandika, tafadhali usiishie hapo, tuandikie zaidi alichokusimulia babu.

Wakuu hili la mzee lishikeni. Zanzibar picha zilikuwa zinaonyeshwa kwenye mahema miaka ya mwanzo ya 1900, na ukumbi wa Royal ukaja 1921, mkubwa, wa kujengwa kwa ajili ya kazi hiyo. Yaani mtu wa Mji Mkongwe alikuwa anatazama picha bubu wakati uleule zinatoka, kwenye kiti, na tiketi yake.

Nalisema kwa sababu mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza hapahapa Tanganyika, Bantu Educational Kinema Experiment, kambi yake ilikuwa Vugiri huko milima ya Usambara, hela zimetoka shirika la Carnegie la Marekani. Walipiga filamu zaidi ya 30, za minyoo ya safura, kilimo, posta, kodi, wakazungusha na lori vijijini Afrika Mashariki na ya Kati, picha bubu na maelezo kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Kati ya watawala wa enzi hiyo kulikuwa na imani kwamba Mwafrika hawezi kuelewa picha yenye mambo mengi, apewe taratibu, rahisi rahisi. Na huku Unguja babu yake mzee Forodhani alishatazama picha za dunia nzima miaka na miaka! Filamu za mradi ule zimebaki chache sana, ila zilizobaki nawashauri mzitafute, kuna sura za watu wetu wa 1936 humo na waigizaji ni wanavijiji wenyewe.

Zipo pia picha zilizopigwa huku na wageni, mfano Simba ya 1928 ya Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliokaa kule Marsabit Kenya. Wanyama ni wa kustaajabisha. Namna walivyowaonyesha watu, inakera, na maandishi ya skrini yanakera zaidi. Mimi niliitazama mara moja kwa ajili ya mandhari.

Kinyonga_Mweupe

Sawa mkuu umenipata nusu. Swali langu, watu weusi wenyewe walikuwa wapi wakati huo? Maana kila ninachoona ni Mzungu kajipaka masizi.

chumba_cha_giza

Swali zito na linastahili jibu refu.

Masizi yalikuwepo kweli, tena mengi. The Jazz Singer hiyo niliyoitaja stelingi wake anaimba kajipaka masizi. The Birth of a Nation ya 1915 ndo mbaya kuliko zote, inawatukuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wa Marekani, na ilisaidia kundi hilo kufufuka upya mwaka uleule. Vitabu vingi vya sinema vinakuambia lazima uitazame kwa sababu ya ufundi. Mimi sikubaliani na hilo la lazima, ufundi huo umejaa kwenye picha nyingine.

Anza na hii badala yake. Mwaka 1898, Chicago, kuna kipande cha kama nusu dakika, kinaitwa Something Good, Negro Kiss. Mwanaume na mwanamke weusi, wamevaa wakapendeza, Saint Suttle na Gertie Brown, wanabusiana, wanaachana, wanashikana mikono, wanacheka, wanarudi tena. Basi. Hakuna masizi, hakuna dhihaka, watu wawili wanafurahiana. Kilikuwa hakijulikani mpaka watafiti wa Marekani walipokitambua na kukitangaza 2018. Nikikitazama natabasamu bila kujua.

Halafu Oscar Micheaux. Mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, alikuwa mkulima, akaandika vitabu akaviuza mwenyewe mlango kwa mlango, akaanza kupiga picha kwa hela zake. Within Our Gates ya 1920 ndo picha ndefu ya zamani kuliko zote iliyobaki ya mwongozaji mweusi Marekani. Mwalimu wa kike, Evelyn Preer anaigiza, anatafuta hela za shule ya watoto weusi, na nyuma yake kuna historia ambayo inatoka taratibu. Micheaux alionyesha watu weusi wananyongwa na kundi la wazungu, aliweka kwenye skrini, miezi michache tu baada ya yale mauaji ya watu weusi Marekani ya kiangazi cha 1919, na kwenye miji kadhaa mamlaka wakaipinga isionyeshwe. Ikapotea. Miongo mingi baadaye nakala moja tu ikakutwa hifadhi ya filamu Hispania, imeandikwa La Negra, maandishi karibu yote ya Kihispania, wakalazimika kuyarudisha kwa Kiingereza upya. Nakala moja duniani mkuu. Bila ile ya Madrid tusingekuwa nayo.

Na hapa niwaambie kitu kinachoniuma zaidi kwenye mambo haya. Filamu za wakati ule zilikuwa za naitreti, kitu kinachoshika moto vibaya, kinaungua hata ndani ya maji kwa sababu kinajitengenezea oksijeni yake chenyewe. Na hata kisipoungua kinaoza kwenye kopo, kinageuka uji halafu unga. Zaidi ya hapo sauti ilipokuja wenye kampuni wakaona hizi takataka, wengine wakaziyeyusha watoe madini ya fedha. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti 2013, kati ya picha ndefu bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani, asilimia 14 tu ndo zimebaki kama zilivyotoka, na kama asilimia 70 hazipo kabisa, zimeisha. Japani tetemeko la 1923 na vita vilimaliza karibu zote. India nako vilevile, Alam Ara ya 1931, ile ya kwanza ya Kihindi kuongea na kuimba, mama wa nyimbo zote tulizokariri utotoni, hakuna nakala hata moja inayojulikana.

Ndo maana zinapopatikana mimi nafurahi kama nimepata ndugu. Metropolis ya Fritz Lang, 1927, mji wa baadaye, matajiri juu wafanyakazi chini ya ardhi, ilikatwakatwa mwaka uleule, na 2008 jumba la makumbusho Buenos Aires wakakuta nakala yenye karibu dakika 25 zilizokuwa hazipo. Dawson City kule Kanada, 1978, mafundi wanachimba wanakuta makasha mamia ya filamu yaliyofukiwa kwenye bwawa la kuogelea la zamani, barafu imeyatunza. Picha ya mwongozaji Dreyer wa Denmark kuhusu Joan wa Arc, yule msichana shujaa wa Ufaransa, 1928, negativu ya kwanza iliungua, ya pili ikaungua, mwenyewe akafariki 1968 akijua kazi yake imeisha, na 1981 nakala safi ya mwanzo ikakutwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo. Hakuna mtu aliyejua ilifikaje.

Hiyo ya Joan itazameni mkiwa na utulivu. Ni nyuso tu. Yule mwanamke, Falconetti, hana vipodozi, kamera iko karibu mpaka unaona machozi yanavyotoka.

binti_wa_Moshi

Kaka nina maswali mawili. Nataka moja ya mapenzi ya kutazama na mume wangu. Na nina watoto wawili wadogo hawatulii, kuna cha kuwafaa?

chumba_cha_giza

Dada, kwa mume chukua Sunrise ya 1927, ya Murnau yuleyule. Mkulima ana mke mzuri na mtoto, anakuja mwanamke wa mjini kula likizo, anamchanganya, anamwambia mzamishe mkeo ziwani tuhamie mjini. Unaona hadithi ni ya Bongo Movie kabisa! Lakini kamera inavyopita kwenye matope na ukungu, na yale yanayotokea wanapofika mjini wale wawili, sijaona picha ya ndoa iliyonishinda hiyo. Janet Gaynor alipata Oscar ya kwanza kabisa ya muigizaji wa kike, na hii ikiwa mojawapo ya picha zilizompa.

Watoto, Safari za Mwanamfalme Achmed ya 1926. Ni katuni, na ndiyo katuni ndefu ya zamani kuliko zote iliyobaki, dakika 65 hivi. Mwanamke wa Kijerumani Lotte Reiniger alikata vivuli vya karatasi nyeusi kwa mkasi, vidole vyembamba kama nyuzi, akavisogeza kidogo kidogo juu ya kioo na kupiga picha moja moja, miaka mitatu. Na hadithi ni za Alfu Lela Ulela, farasi anayeruka, Aladini, wachawi, kwa hiyo wewe unakaa pembeni unawasimulia kwa maneno yako. Kuna malkia anaoga ziwani, ni vivuli tu, lakini chungulia kwanza mwenyewe.

Kinyonga_Mweupe

Haya nimekubali, nipe moja ya leo usiku. Isiwe ndefu, bando langu la mawazo.

chumba_cha_giza

Sherlock Jr. mkuu, dakika 45. Jamaa ni mwendesha mashine kwenye ukumbi wa sinema, analala kazini, roho yake inatoka inaingia ndani ya skrini. Angalia wanavyombadilishia mandhari, yuko bustanini, mara barabarani, mara juu ya mwamba baharini, na mwili wake haujahama, halafu kumbuka ni 1924.

Andika jina na mwaka YouTube, chagua yenye maandishi kwamba imekarabatiwa. Ukiona picha imefifia nyuso hazionekani, toka, tafuta nyingine. Archive.org pia zipo, pale unaidaunlodi unaweka kwenye flashi unachomeka TV, bando unalipia mara moja. 480p inatosha kabisa. Maandishi ya Kiingereza ni machache na yanakaa muda mrefu, ukikwama pozi. Weka spika, zima taa, simu iweke mbali. Na usikose pale kwenye tangi la maji.